Usimuulize Bibi Anaumwa Nini

Ukimuuliza mzee wa huku kwetu mlimani anaumwa nini, utapata jibu moja kati ya mawili. Atakwambia "ni uzee tu, mwanangu," au atakutajia mwili mzima kuanzia utosini hadi kisigino, na akimaliza anarudia mgongo. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayanipi pa kuanzia. Uzee hauna dawa dirishani. Na mgongo wa mama aliyeteremka kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani maisha yake yote hauhitaji muuguzi aje kuugundua.

Mimi ni muuguzi Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, upande wa juu, kule ambako masika yakianza hata bodaboda hukataa kupanda. Sehemu kubwa ya kazi yangu na wazee hufanyika majumbani, katikati ya migomba, na nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: mzee hapimwi kwa ugonjwa alionao, anapimwa kwa siku anayoishi. Presha nitaiandika, sukari nitaiandika, lakini nikitoka kwake bila kujua alifikaje chooni usiku wa jana, sijafanya kazi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, baada ya shikamoo na kukaribishwa kiti, ni hili: "Bibi, hebu nisimulie siku ya jana. Uliamka saa ngapi, ukafanya nini, mpaka ukalala." Halafu nanyamaza. Mzee anayekataa kabisa kulalamika hakatai kusimulia. Atasema aliamka alfajiri akakaa kitandani kwanza "mpaka nyumba itulie". Hakuoga, kwa sababu ya baridi. Asubuhi alikunywa chai, mchana hakuwa na njaa, jioni akanywa chai tena. Alitaka kwenda kumpa pole jirani aliyefiwa, akaona aende siku nyingine. Hajataja ugonjwa hata mmoja, na mimi tayari nina kizunguzungu cha kuamka, ndoo asiyoweza kuinyanyua, utapiamlo unaonyemelea, na miguu asiyoiamini tena kwenye mteremko.

Hilo la kuoga tusilipite haraka. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake wa Cleveland, Marekani, walichapisha kipimo ambacho wauguzi tunakitumia mpaka leo: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuzuia haja, kula. Mambo sita tu. Walichokiona ni kwamba uwezo huo kwa kawaida haupotei ovyo, una mpangilio wake. Kuoga hutangulia kuondoka, maana kunadai mengi kwa pamoja: kubeba maji, kuinama, kusimama kwenye sakafu yenye utelezi, kuufikia mgongo. Kula mwenyewe hubaki mwisho. Sasa fikiria ni mara ngapi ndugu wananipokea uani kwa maneno, "Babu hana shida, anakula mwenyewe." Babu amebaki ameshika kidato cha mwisho cha ngazi, na wao wanakihesabu kama ushindi. Nikiambiwa hivyo narudi nyuma polepole: Anavaa mwenyewe? Vifungo vya shati je? Anaoga wapi, nani anampelekea maji? Na ile "baridi" naiuliza mara ya pili, kwa upole, ingawa nakubali kwamba Julai ya huku juu baridi ni ya kweli kweli.

Kipimo kingine maarufu ni cha Lawton na Brody, cha mwaka 1969, nacho kinaangalia shughuli za kuendesha maisha: kutumia simu, kwenda dukani, kupika, kufua, kusafiri, kumeza dawa zako bila kukumbushwa, kutunza fedha. Katika toleo la awali wanaume hawakuhesabiwa kupika, usafi wa nyumba wala kufua. Nilicheka niliposoma, kisha nikaelewa, maana mababu wengi wa huku ukiwapima kwa kupika utawaandika wote kuwa hawajiwezi tangu siku ya ndoa. Shida ya karatasi iliyotungwa kwingine ndiyo hiyo: inaulizia maisha ya mtu mwingine. Bibi ambaye hajawahi kuwa na akaunti ya benki hawezi kufeli kuitunza.

Bahati nzuri, Hai ni wilaya ambayo watafiti wa magonjwa ya wazee wanaifahamu kuliko Watanzania wengi. Utafiti uliochapishwa 2013 ulipita vijijini humu ukakuta kwamba katika watu wenye miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 wana demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili taratibu. Mwingine wa mwaka huohuo ukakuta karibu watu saba katika kila kumi wa umri huo wana shinikizo la juu la damu. Kutokana na kazi za namna hiyo kikazaliwa kipimo kifupi cha kumbukumbu kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye huenda hakufika shule. Hakuna kuandika, hakuna kuchora saa. Unamuuliza mzee leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, anapanga njiti za kiberiti kama ulivyozipanga wewe. Njiti za kiberiti! Jiko gani la kijijini litazikosa? Na orodha ya shughuli iliyotungwa pamoja nacho inajali mambo kama kutoa ushauri na kusimamia sherehe, yaani kazi ambazo mzee wa huku bado anatarajiwa kuzifanya hata kama jembe ameshaliweka chini.

Ndiyo maana babu ambaye ukoo umeacha kumwita kwenye vikao vya kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, namuuliza mkewe: waliacha lini, na kwa nini? Mara nyingi familia iliona zamani, kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hawakuulizwa tu.

Lakini kabla hujamwandika mtu kwamba kumbukumbu imepungua, angalia masikio. Nimeshakutana na mzee aliyesemwa na nyumba nzima kuwa amechanganyikiwa, anajibu yasiyoulizwa, kumbe masikio yote mawili yamezibwa na nta ngumu. Matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kuoshwa kituo cha afya, na babu akarudi kwenye ubishi wake wa siasa. Kupima usikivu hakuhitaji mashine: unasimama nyuma yake kidogo, umbali wa mkono, unanong'ona maneno, naye anayarudia. Macho vilevile. Mtoto wa jicho wengi wanalijua na upasuaji wake ni mfupi, ila wapo waliokaa gizani kwa miaka wakidhani giza nalo linakuja na umri.

Upo uchanganyikaji wa aina nyingine, wa ghafla. Mzee aliyekuwa mzima Jumapili, Jumanne anaita watu waliokwisha kufa, usiku anatapatapa, mchana haamshiki. Huo si uzee, si mizimu, na jirani hahusiki. Ni dharura. Nyuma yake unaweza kukuta nimonia, maambukizi ya mkojo, malaria, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliogoma kutoka, choo kigumu cha siku nyingi, au dawa mpya. Tena mwili wa mzee unaweza kubeba maambukizi makali bila homa ya kukushtua. Swali linalotenganisha hali hizi mbili ni moja, na anayelijibu ni mwanafamilia: "Yalianza lini?" Anayesema "kama miaka miwili hivi, kidogo kidogo," tunakaa tupange. Anayesema "juzi," tunatafuta gari.

Dawa ndizo zinazonichukua muda mrefu kuliko yote. Siulizi "dawa zako ziko wapi," maana nitaletewa za zahanati tu. Nasema, "Bibi, naomba kila kitu unachokunywa, hata cha kuchua, hata ulichopewa na mjukuu, hata mzizi." Linakuja kopo, zinakuja bahasha, kingine kinatolewa chini ya mto.

Chukua kopo la bibi mmoja niliyekwenda kumwona kwa sababu ameanguka. Alianza na presha, akaandikiwa amlodipini. Ni dawa nzuri, ya bei ndogo, na inafanya kazi, lakini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Miguu ilipovimba akaipeleka kituo kingine. Huko hakuulizwa anakunywa nini, akapewa dawa ya kukojoza maji. Akawa anaimeza jioni baada ya kula, ndivyo alivyoelewa. Usiku akawa anaamka mara nne, mara tano. Choo kiko nje, nyuma ya banda la ng'ombe, kuna ngazi mbili za mawe na hakuna taa. Akaanguka. Goti likauma, dukani akauziwa daiklofenaki, nayo daiklofenaki hupandisha presha na kuzielemea figo, hasa ikikutana na dawa ya maji. Presha ikapanda, akaongezewa amlodipini. Kila aliyemwona alitibu alichokiona mbele yake, na ukimchukua mmoja mmoja huwezi kusema alifanya ajabu. Mzunguko mzima ulionekana mezani kwa bibi tu, dawa zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Mganga mfawidhi alipoliona daftari langu alibadilisha mbili, akaifuta ya tatu.

Kwa sababu hiyo presha ya mzee siipimi akiwa amekaa tu. Namlaza kama dakika tano, napima. Namsimamisha, napima baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, nimeshajua ni nyumba gani ile iliyokuwa inasubiriwa itulie. Mtu wa namna hii ukimwongezea dawa eti kwa sababu akiwa amekaa ilisoma 150, unamsukuma chini kwa mkono wako. Kisha namwomba ainuke kwenye kiti mara tano, mikono imekunjwa kifuani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma kwa wazee unatoa sekunde 14, na akizidi hapo au akishindwa tunachunguza zaidi. Kiti kiegemee ukuta, nawe usimame karibu. Kigoda cha jikoni hakifai, kitamfelisha hata kijana.

Halafu tunakwenda chooni. Wenzangu wananitania kwamba serikali inanilipa kukagua vyoo, na siwapingi. Natembea nyuma yake kwa njia ileile anayopita usiku, natazama anaposhika. Ukuta wenyewe hukuonyesha, pale udongo ulipong'aa kwa viganja. Namwangalia anavyogeuka, kwa kuwa kugeuka ndiko kunakowaangusha wengi. Nauliza anachuchumaaje na anainukaje, maana choo cha shimo kinadai magoti ambayo wengi wao hawanayo tena. Na huko nje, tukiwa wawili, ndiko yanakotoka ya mkojo. Ndani, mbele ya mkwe, hakuna bibi atakayekwambia kwamba haumngoji. Nje atakwambia kwamba tangu masika yaliyopita anajifunga vitambaa, na kwamba ibadani haendi kwa ajili hiyo, ile ya miguu ilikuwa ni sababu ya kuwaambia watu. Wengi hupunguza maji ya kunywa ili wasikojoe. Matokeo yake ni mkojo mkali unaouma, choo kigumu na kizunguzungu zaidi, na bado hawajawahi kufika mapema.

Chakula nacho sikipimi kwa mizani peke yake. Mwongozo uleule unauliza kama mtu amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia, na kama hamu ya kula imeondoka. Sawa, lakini bibi ambaye mara ya mwisho kupanda mizani ilikuwa kliniki ya uzazi hana kilo za kukutajia. Nauliza gauni la kanisani linamkaaje siku hizi. Babu, mkanda umehama matundu mangapi? Natazama kinywa. Watu wanashangaa mzee kukataa makande na hana magego hata moja; ataokota punje mbili, atasema ameshiba. Wakati huohuo ndizi zimejaa shambani, na mtori tunaujua vizuri kuupika, kwa ajili ya mama aliyejifungua. Sijui nani alituambia ni wa mzazi tu.

Ukimaliza mzee bado hujamaliza. Nyumbani yupo mtu wa pili wa kupimwa, mara nyingi mkwe, wakati mwingine mjukuu wa kike wa darasa la sita. Analala saa ngapi? Mgongo wake ukoje? Nani anampokea? Mtu anayemgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, huku anakamua ng'ombe na kulea watoto, naye yuko njiani kuugua. Namwonyesha namna ya kugeuza kwa shuka badala ya kuvuta mkono. Namwonyesha pa kutazama: visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo, mchana kweupe. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza kuusubiri mpaka kidonda kifunguke; tafuta rangi iliyokolea kuliko pembeni, joto, ugumu, na mahali anaposhtuka ukigusa.

Na lazima nipate muda na mzee peke yake. Namwomba mkwe maji ya kunywa hata kama sina kiu. Hapo nauliza kama kuna anayemtisha, anayemfungia chakula, anayemkalia juu ya kihamba au fedha anazotumiwa. Hapo pia nauliza ya moyoni: kwa wiki mbili hizi, umekuwa na huzuni? Mambo uliyokuwa unayapenda bado unayapenda? "Mungu amenisahau" ni kauli ambayo vijana huicheka sebuleni kama utani wa kizee. Mimi naiandika kama ilivyotamkwa, na narudi wiki hiyohiyo.

Ipo lawama moja ya haki juu ya kazi hii: umepima, umeandika, halafu? Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure, na vituo vimebandika matangazo ya kumpisha mzee kwanza. Lakini lazima kwanza atambuliwe na serikali ya kijiji, apate nauli ya kushuka na kupanda, na akifika dirishani asiambiwe akanunue nje. Zanzibar walianza Aprili 2016 kumpa pensheni ya kila mwezi kila mkazi aliyefikisha miaka 70, bila kumuuliza aliajiriwa na nani. Huku bara, mzee aliyelima kahawa miaka yote hana pensheni ya namna hiyo. Hilo siwezi kuliziba kwa daftari na sitaki kujifanya naweza.

Hata hivyo sikubali kwamba kupima bila fedha ni bure. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, London, ilikabidhiwa wodi za jirani zenye vitanda 714, vimejaa wazee na watu waliohesabiwa kuwa hawaponi. Daktari Marjory Warren aliwachunguza mmoja mmoja, akawapanga upya kulingana na wanachohitaji, akawatoa vitandani. Wengi walirudi kutembea, wengine wakarudi makwao. Walikuwa wamelala pale kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza nani anaweza kuamka.

Kwa hiyo swali langu la mwisho ni "Ungependa uweze tena kufanya nini?" Bibi wa lile kopo alijibu bila kufikiri: kufika ibadani. Mpango wake ukaandikwa kuanzia hapo. Mganga akikubali dawa ya maji ibaki, imezwe asubuhi, na Jumapili tuisogeze mpaka atakaporudi. Fimbo mpya, maana aliyokuwa nayo ilikuwa ya marehemu mumewe, ndefu. Fimbo inatakiwa kufika kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Kuinuka kitini mara kumi asubuhi na jioni, mjukuu akihesabu kwa sauti. Taa ya sola njia ya choo, na chumbani kiti chenye tundu na ndoo chini yake.

Sasa neno kwa mnaosoma haya mkiwa Dar, Arusha au ng'ambo, mnaopanda mlimani kila Krismasi. Desemba ni mwezi mbaya kabisa wa kumpima mzee. Nyumba imejaa. Mmoja amechota maji, mwingine amepika, wa tatu amemnyoa ndevu. Mzee amevaa suti, ana watu wa kuongea nao, anakula nyama mliyomkatia vipande vidogo, mnaondoka tarehe 2 mkisema baba yuko vizuri. Mlichokipima ni ninyi wenyewe. Chagueni asubuhi moja mkae mbali kidogo, mwone anavyoanza siku bila msaada. Usiku mmoja mfuateni chooni. Ombeni kopo la dawa, mwage mezani, mpige picha, mnitumie mimi au muuguzi wenu.

Na lile blanketi jipya la kila mwaka, pumzikeni nalo, kabati limejaa. Fedha hiyo mpeni fundi seremala atengeneze kiti cha choo na vishikio viwili vya mlangoni. Ila agizeni Novemba. Mafundi wa huku Desemba wote wako kwenye makochi na vitanda vya harusi, utaambiwa uje Januari, na Januari mzee yuko peke yake.